Mali ya mtandao wa giza huibwa mchana kweupe

Oktoba 2020, maelfu ya watu nchini Finland walifungua barua pepe zao wakakuta ujumbe wa mtu wasiyemjua, ila yeye akiwajua vizuri mno. Alikuwa na majina yao kamili, namba zao za utambulisho na maelezo ya yale waliyomwambia mtaalamu wa saikolojia wakiwa wawili tu chumbani: ndoa zilizokufa, ulevi, unyanyasaji wa utotoni, fikra za kujiua. Alidai euro 200 kwa bitcoin ndani ya saa 24. Ukichelewa, deni linapanda hadi euro 500. Ukikaidi, kila ulichosema kinaanikwa, jina lako likiwa juu yake.

Waathirika walikuwa wagonjwa wa Vastaamo, kampuni iliyoendesha vituo vya tiba ya saikolojia katika miji mbalimbali ya nchi hiyo. Kumbukumbu za watu wapatao 33,000 ziliibwa. Mwizi alianza kwa kuibana kampuni yenyewe, akitaka bitcoin 40, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya kama euro 450,000. Alipoona halipwi, akaanza kumwaga mafaili ya wagonjwa 100 kwa siku kwenye mtandao wa giza, kisha akawageukia wagonjwa mmoja mmoja. Februari 2021 Vastaamo ikafilisika.

Kilichomponza mwizi ni haraka zake. Siku moja, akipakia furushi la mafaili, alipakia pamoja nalo folda ya kompyuta yake mwenyewe. Aligundua na kuliondoa, lakini wapo waliokuwa wamekwisha kulipakua. Aleksanteri Kivimäki, kijana aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa ya udukuzi aliyoyafanya akiwa bado mdogo, alikamatwa Ufaransa Februari 2023, na Aprili 2024 mahakama ya Finland ikamhukumu kifungo cha miaka 6 na miezi 3.

Anayesimuliwa kisa hiki huondoka na kipande kimoja tu: mtandao wa giza. Ndicho kinachotisha, na ndicho kinachojaza semina za hotelini. Lakini mtandao wa giza uliingia mwishoni, wakati mali imekwisha kuibwa na inatafutiwa pa kuanikwa. Wizi wenyewe ulifanyika kwenye intaneti ya kawaida, kwenye seva ya kampuni iliyoachwa ikifikika na yeyote, hifadhidata yake ikiwa haina hata nywila. Huku kwetu Afrika Mashariki tunafundishwa kuliogopa soko la mali ya wizi, na wezi wanapita ghalani, mlango wazi.

Kwanza tuondoe ushirikina. Kwenye mafunzo ya usalama wa mitandao hupendwa sana picha ya mlima wa barafu unaoelea baharini: ncha ndogo juu ya maji ndiyo intaneti tunayoijua, na lile pande kubwa la chini ndilo giza. Picha hiyo, mbali na kuonyeshwa kwa watu ambao barafu wanayoijua ni ya kwenye friza, inapotosha. Sehemu kubwa ya intaneti isiyoonekana kwa Google ni mambo ya kila siku: kikasha cha barua pepe, akaunti ya benki, matokeo ya mwanafunzi kwenye mfumo wa chuo, mafaili ya ofisi. Hayaonekani kwa sababu yanadai nywila. Mtandao wa giza ni kona ndogo ya hapo, tovuti zilizofichwa makusudi ambazo kivinjari cha kawaida hakizifungui. Zinahitaji programu maalumu, na iliyo maarufu kuliko zote ni Tor.

Tor haikubuniwa na majambazi. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambako Paul Syverson na wenzake walitafuta namna ya watu kuwasiliana mtandaoni bila anayewachungulia kujua nani anaongea na nani. Ujumbe hufungwa kwa matabaka ya siri, kisha hupitishwa kwenye kompyuta tatu zilizotawanyika duniani. Ya kwanza inajua ujumbe umetoka wapi lakini haijui unakwenda wapi. Ya mwisho inajua unakokwenda lakini haijui ulikotoka. Wabunifu waliona tatizo mapema: kama mtandao huo ungetumiwa na wanajeshi wa Marekani pekee, kila anayeonekana humo angejulikana papo hapo kuwa ni mtu wao. Ili jasusi ajifiche, alihitaji umati. Hivyo teknolojia ikaachiwa kila mtu bure mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida.

Umati ukaja, wema na waovu. BBC ilifungua tovuti yake humo mwaka 2019, kwa ajili ya watu wa nchi zinazoifungia matangazo. The New York Times imo. Hata CIA ilifungua yake mwaka huohuo. Mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake na muuza dawa za kulevya wanapita njia moja, na serikali inayodhani itamzuia wa pili kwa kuifunga njia hiyo itamnyima wa kwanza tu. Wa pili atahamia Telegram, na wengi wameshahamia.

Soko lililoupa mtandao huu jina baya ni Silk Road, lililofunguliwa na Mmarekani Ross Ulbricht mwaka 2011. Dawa za kulevya ziliuzwa humo kwa bitcoin, na wauzaji wakipewa nyota na wateja kama wauzaji wa simu. Oktoba 1, 2013, maofisa wa FBI walimkamata kwenye maktaba ya umma jijini San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi mezani. Maofisa wawili walijifanya wapenzi wanaogombana. Alipogeuka kuangalia, kompyuta ikanyakuliwa. Jina lake, hata hivyo, halikupatikana kwa mitambo ya ajabu. Ofisa wa mamlaka ya kodi ya Marekani alilipata kwa kutafuta kwenye Google. Alikuta matangazo ya mwanzo kabisa ya Silk Road, na mtu yuleyule aliyeyaweka alikuwa baadaye ameomba mtaalamu wa bitcoin na kuacha anwani ya barua pepe yenye jina lake.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya AlphaBay, soko kubwa kuliko Silk Road. Mwanzilishi wake, raia wa Kanada aliyeishi kifahari Bangkok, alikuwa ameacha anwani yake binafsi ya barua pepe kwenye ujumbe wa kuwakaribisha wanachama wapya. Huyo, Ulbricht na Kivimäki walikuwa na kila sababu ya kujificha, tena na ujuzi wa kufanya hivyo. Wote waliangushwa na uzembe mdogo wa siku moja. Mhasibu wa duka la vipuri Kariakoo au karani wa zahanati Kisumu, ambaye hata hajui kwamba ana cha kuficha, anatarajiwaje kuwa mwangalifu kuliko wao?

Siku hizi bidhaa inayotembea zaidi kwenye masoko haya haina harufu wala uzito. Ni nywila. Mwaka 2012 wadukuzi waliiba nywila za LinkedIn, na dunia ikaambiwa ni milioni 6.5 hivi. Mwaka 2016 ndipo furushi kamili lilipotokea kwenye soko la gizani, akaunti zaidi ya milioni 100, bei bitcoin 5. Wiki chache baadaye akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest zilitekwa. Waliozitwaa walijigamba kwamba waliikuta nywila yake ndani ya furushi hilo, na kwamba ilikuwa "dadada". Mwenye Facebook alikuwa ametumia nywila moja sehemu tatu, kama afanyavyo kila mtu.

Lililompata Zuckerberg lilikuwa aibu tu. Colonial Pipeline ilikuwa hasara ya taifa. Mei 2021 kampuni hiyo, ambayo bomba lake hupeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, iliingiliwa na kundi la DarkSide. Bomba likafungwa kwa siku kadhaa, foleni zikajaa vituoni. Wadukuzi walikuwa wamepitia akaunti ya kuingilia mfumo kutoka mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena lakini hakuna aliyekumbuka kuifunga. Nywila yake ilikutwa baadaye kwenye furushi la nywila zilizovuja kwenye mtandao wa giza. Haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, ule msimbo wa ziada unaotumwa au kuzalishwa kwenye simu. Kampuni ililipa bitcoin 75, kama dola milioni 4.4.

Mtu angedhani somo hilo lilitosha. Februari 2024 kampuni ya Change Healthcare, inayopitisha malipo ya bima za afya za Wamarekani, iliingiliwa kupitia lango lisilo na uthibitisho wa hatua mbili. Hospitali na maduka ya dawa yakakwama kwa wiki nyingi, na taarifa za mamilioni kwa mamilioni ya wagonjwa zikachukuliwa. Mwaka huohuo, wateja wa Snowflake, kampuni inayohifadhi data za mashirika makubwa, waliibiwa mmoja baada ya mwingine: Ticketmaster, benki ya Santander, kampuni ya simu ya AT&T. Mandiant, wachunguzi waliofuatilia kadhia hiyo, walitoa tahadhari kwa mashirika kama 165. Akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na hatua mbili. Nywila nyingine zilikuwa zimeibwa tangu 2020 na hazikuwahi kubadilishwa.

Ziliibwaje? Hapa ndipo habari ya Marekani inapoanza kufanana na ya Mwanza na Nakuru. Wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya nywila zilinyonywa kutoka kwenye kompyuta za wafanyakazi wa nje wa mashirika hayo, kompyuta zilezile walizozitumia kuchezea michezo na kupakua programu za kukopi. Ipo jamii ya programu haribifu ambazo kazi yake ni moja: kuingia kimya kwenye kompyuta, kukusanya kila nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki, vile vipande vya kumbukumbu vinavyoiambia tovuti kwamba huyu ni mwenyewe na keshaingia, kisha kuzituma kwa bwana wake. Mojawapo, Raccoon, ilikodishwa kwa wahalifu kwa dola 200 hivi kwa mwezi. FBI ilipoibana ilikuta imekusanya zaidi ya taarifa milioni 50 za kuingilia akaunti. Soko la Genesis, lililofungwa na polisi wa nchi kadhaa Aprili 2023, liliuza mavuno ya aina hiyo kutoka kompyuta zaidi ya milioni 1.5. Mnunuzi alipewa nywila pamoja na kuki, kwa hiyo benki au duka la mtandaoni lilimwona kama mteja wa siku zote.

Sasa twende steshenari. Iwe jirani na geti la chuo, ofisi ya halmashauri au stendi, sura ni ileile: mashine ya fotokopi, printa, kompyuta mbili za mitumba na kijana mmoja mwenye haraka. Anayeomba ajira serikalini au mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hana kompyuta, kwa hiyo anatuma kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na picha ya pasipoti kwenye WhatsApp ya duka. Kijana anavifungua, anavihifadhi, anachapa, anadai buku lake, anaita anayefuata. Hakuna anayefuta. Folda ya vitu vilivyopakuliwa ina vitambulisho vya mtaa mzima kuanzia mwaka juzi. Mteja asiye na barua pepe anafunguliwa palepale, na nywila anaandikiwa pembeni ya karatasi. Mara nyingi ni ileile aliyopewa mteja wa asubuhi, maana ni rahisi kukumbuka. Windows ya kompyuta hiyo ni ya kukopi, na fundi aliyeiweka alizima kwanza kinga ya virusi, kwa kuwa maelekezo ya programu za kukopi ndivyo yanavyotaka. Flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima.

Kijana huyo si wa kulaumiwa. Anatoa huduma ambayo serikali imeihamishia mtandaoni bila kuuliza ni nani mwenye kompyuta. Lakini programu moja ya kunyonya nywila ikikaa wiki moja tu kwenye mashine yake, inavuna akaunti za maombi ya kazi, barua pepe na picha za vitambulisho vinavyotosha kukopea kwa majina ya watu. Mteja hataibiwa kwa sababu alitembelea mtandao wa giza. Huenda hajawahi hata kuusikia.

Au mtu aende kwenye jengo la ofisi mjini. Getini kuna daftari: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, namba ya gari, unamwona nani, saa ya kuingia. Mgeni wa kumi anasoma taarifa za wageni tisa waliomtangulia akisubiri kalamu. Daftari likijaa linatupwa kwenye boksi chini ya meza, na boksi likijaa hakuna anayejua linakwenda wapi. Ukimuuliza mlinzi zinatumika kufanyia nini, atasema ni utaratibu. Taarifa hizi hazimzuii mwizi, ambaye ataandika jina la uongo. Zinamhatarisha mkweli peke yake.

Kisha kuna mikopo ya simu, ile ambayo mtaani huitwa kausha damu. Mkopaji anapakua programu, anabonyeza "kubali" mara nne bila kusoma, na tangu hapo orodha nzima ya majina kwenye simu yake imo mikononi mwa watu asiowajua. Akichelewa kulipa, shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake na bosi wake wanapokea ujumbe wa kumtangaza mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ilikuwa hatua nzuri iliyochelewa. Kufungia programu hakuwarudishii watu namba zilizokwisha kuchukuliwa.

Mashirika makubwa ya ukanda huu nayo yameshaonja. Mwanzoni mwa 2023 kundi linalojiita Medusa liliingia kwenye mifumo ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya na baadaye kumwaga kwenye mtandao wa giza nyaraka zake, zikiwamo za manunuzi, michoro na ankara. Aprili mwaka huohuo Naivas, mtandao mkubwa wa supamaketi nchini humo, ulikiri kuingiliwa na kundi la wahalifu wa mtandaoni, ukawahakikishia wateja kwamba mifumo iliyoguswa haikuwa na taarifa za kadi zao za benki. Naivas angalau ilisema. Tatizo kubwa la ukanda huu ni wanaonyamaza: kampuni inaibiwa, inaita fundi, inaonya wafanyakazi wasizungumze, na mteja anakuja kujua anapopigiwa simu na tapeli anayemtaja kwa jina, ofisi anayofanyia kazi na kiasi alicholipia mara ya mwisho.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Aprili 3, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuagiza taasisi zote, za umma na za binafsi, zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kabla ya mwaka huo kwisha. Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, ziwe zile tu zinazohitajika, na zisihifadhiwe kuliko muda unaohitajika. Kwa kipimo hicho, daftari la getini halina pa kusimama.

Kenya ilitangulia kwa sheria ya 2019, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, imeshaonyesha meno. Septemba 2023 ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine. Baa ya Casa Vera ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Shule ya Roma ikatozwa 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hakuna kati ya makosa hayo lililohusu mdukuzi, na hapo ndipo ofisi hiyo ilipopatia: iligusa mikono iliyozoea kugawa taarifa za watu kama karanga. Kiasi cha faini si kikubwa kwa benki au kampuni ya simu. Majina kutangazwa hadharani ndiko kunakouma.

Kampuni nyingi zikistuka, hukimbilia kununua ulinzi wa mbali. Wapo wauzaji wanaotoza ada ya kila mwezi ili "kuuchunguza mtandao wa giza" kwa niaba ya mteja na kumwarifu taarifa zake zikionekana. Huduma hiyo si ulaghai, lakini inafika mali ikiwa sokoni, na hakuna anayeirudisha kutoka huko. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa bure na Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Mtu anaandika barua pepe yake, anaambiwa imo kwenye mafurushi yapi yaliyovuja. Atakayekuta imo asizimie. Abadilishe nywila hiyo kila alipoitumia.

Nywila ziwe tofauti kwa kila akaunti yenye uzito, hasa barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe anaomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Wataalamu hushauri programu ya kutunzia nywila, na Bitwarden ni mojawapo isiyo na gharama. Kwa mzee asiyetaka mambo hayo, daftari lililofungiwa kabatini nyumbani ni salama mara nyingi zaidi kuliko nywila moja iliyosambaa sehemu kumi. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini.

Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kila unapopatikana. Kwenye WhatsApp upo chini ya Mipangilio, kisha Akaunti. Bila huo, mtu akishaombwa kwa upole na "rafiki" amrudishie ule msimbo wa tarakimu sita uliokuja kwenye simu yake kwa bahati mbaya, akaunti imekwenda, na dakika chache baadaye ndugu zake wote wanaombwa hela kwa jina lake. Msimbo unaokuja kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa, ingawa una udhaifu: anayefanikiwa kuihamisha laini ya mtu anapokea misimbo yake yote. Msimbo unaozalishwa na programu ndani ya simu yenyewe hauna tatizo hilo. Mtanzania anaweza kupiga *106# kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na asishangae akikuta asiyoijua, maana wapo wasajili wa barabarani waliowawekesha watu dole mara mbili kwa kisingizio kwamba la kwanza halikusoma. Zile jumbe za "ile hela nitumie kwenye namba hii" zitumwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) badala ya kufutwa tu.

Kwa biashara, swali la mwanzo ni dogo: mna nini, na mnakihitaji? Duka la dawa halihitaji nakala ya kitambulisho cha mteja aliyenunua panadoli. Shule haihitaji kuweka matokeo ya watoto yenye majina kamili kwenye kundi la WhatsApp la wazazi 400. Swali la pili ni nani ana ufunguo. Mhasibu aliyeacha kazi Machi bado anaingia kwenye barua pepe ya ofisi Desemba, na ni akaunti ya sampuli hiyo iliyoizimisha Colonial. Nakala za mafaili muhimu ziwepo kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, kwa sababu programu za kudai kikomboleo hufunga kila zinachokifikia, pamoja na nakala iliyoachwa imechomekwa.

Na kikomboleo chenyewe? Wapo wakurugenzi wanaoona ni nafuu kulipa na kumaliza. Change Healthcare ililipa dola milioni 22. Kundi lililolipwa likatoroka na fedha bila kumgawia mshirika wake aliyefanya wizi, naye akabaki na data, na kampuni ikadaiwa upya na kundi jingine. Februari 2024 polisi wa Uingereza na wenzao walipoiteka mitambo ya LockBit, kundi lililotikisa dunia kwa miaka kadhaa, walikuta humo data za waathirika waliokwisha kulipa wakiahidiwa kwamba zimefutwa.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi isisubiri kisa cha ukubwa wa Vastaamo. Itume wakaguzi kwenye mageti ya majengo, hospitali binafsi, shule na kampuni za mikopo, na kila inapotoza faini itangaze jina na kiasi, kama Kenya ilivyofanya. Iweke kanuni kwamba taasisi iliyoibiwa taarifa za watu iwaambie wenyewe kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili, ndani ya siku chache. Serikali nayo iwape wenye steshenari mafunzo na programu halali, kwa kuwa ndio wanaoibebea huduma zake za mtandaoni. Mwenye biashara anayesoma gazeti hili leo afute folda ya vitambulisho asivyovihitaji, afunge akaunti za walioacha kazi na awashe hatua mbili kwenye barua pepe ya ofisi. Kazi hiyo haimalizi mchana mmoja, na haimgharimu senti.